Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Tulilalamika, tukasubiri, kisha tukasahau. Lakini siku zile zilifichua uzembe wetu: sheria, takwimu na programu tulizokwisha kuzipakua mara nyingi hazikuwa zimehifadhiwa popote karibu nasi.

Nasema wazi: taasisi ya umma inayopakua faili ileile kila siku kutoka ng'ambo, bila kuiweka akiba, inafuja fedha za wananchi na kuwakabidhi wengine kumbukumbu zake.

Nitaulizwa: nakala hizo zikichezewa, tutajuaje? Jibu lipo, tena si jipya. Kila faili hukokotolewa heshi, yaani alama inayotokana na yaliyomo ndani yake, mithili ya alama za vidole vya mtu. Heshi ya SHA-256 huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, faili iwe barua fupi au filamu nzima. Ukibadilisha nukta moja tu, heshi hugeuka kabisa. Basi faili na iwekwe ghalani kwa jina la heshi yake. Anayeihitaji huichukua kwenye kompyuta ya jirani, huikokotoa upya, na heshi zikilingana hana haja ya kumwamini jirani wala kuvuka bahari. Faili iliyopakuliwa kutoka anwani kumi huhifadhiwa mara moja.

Anwani hutwambia faili ilikokuwa. Heshi hutwambia ni faili ipi. Wanaharakati na watumishi wa umma wailewe tofauti hii. Waraka waweza kubadilishwa usiku, na anwani yake ikabaki ileile asubuhi. Asiyeweka nakala, pamoja na daftari la anwani, tarehe na heshi, atabishana kwa maneno matupu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; kumbukumbu za taifa nazo ni mali.

Tusijidanganye, hata hivyo. Heshi haithibitishi kwamba waraka unasema kweli. Huthibitisha tu kwamba haujabadilika tangu heshi yake ilipoandikwa. Nayo heshi ya kulinganishia sharti itoke mahali pa kuaminika. Pia tuachane na kanuni zilizokwisha kuvunjwa: mwaka 2004 watafiti walionyesha faili mbili tofauti zenye heshi moja ya MD5, na mwaka 2017 SHA-1 ikafikwa na yaleyale.

Kisingizio cha umaskini hakina nafasi hapa. Programu ya kukokotoa SHA-256 huja bure pamoja na mifumo ya Linux. Idara moja, kompyuta moja yenye diski kubwa na mtu mmoja mwenye nidhamu vyatosha kuanzia. Hakuna zabuni ya kutangaza wala mfadhili wa kumngoja. Nyaya zitakatika tena. Siku hiyo tusije tukamlaumu papa.