Alama za mwenzako si ramani ya Harvard

Kila mwisho wa Machi, Harvard inapotoa majibu, waombaji huanika sifa zao mtandaoni: alama za SAT, uongozi wa klabu, medali za hisabati, kisha neno moja tu, nimepata au nimekosa. Wanaojiandaa kuomba mwakani huzisoma orodha hizo kama maandiko. Naona wanajidanganya. Chuo hicho hukubali takriban asilimia 4 tu ya waombaji, hivyo miongoni mwa waliokosa wamejaa wenye alama zilezile za waliopata. Tena orodha hazionyeshi barua za walimu, wala mzazi wa nani alisoma pale. Kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2023 ilianika jinsi wanamichezo waliosajiliwa, watoto wa wahitimu na jamaa za wafadhili wanavyopata upendeleo. Nani atajitangaza kwamba aliingia kwa mgongo wa babu?

Watakuwepo wa kusema kwamba mwanafunzi wa Mwanza au Kisumu asiye na mshauri hana pengine pa kuchungulia. Hoja hiyo ina uzito. Lakini chuo chenyewe huchapisha takwimu za kundi zima lililoingia, si za wachache waliopenda kusema. Na jambo linalomhusu zaidi mwanafunzi huyo halimo katika orodha za wenzake: Harvard haitazami uwezo wa kulipa inapoamua, hata kwa wageni, na asiyemudu ada ya maombi anaruhusiwa kuomba asamehewe.