Fasihi na Shamba Vifundishwe Pamoja



Wako wadhanio kwamba mambo ya chuo hayatuhusu sisi wakulima wa karafuu. Sisi twaona yatuhusu sana, maana mwalimu atokaye chuoni leo ndiye atakayesomesha watoto wetu kesho. Akitoka hajui mkarafuu, nao hawataujua.

Mwanafunzi aweza kuisoma "Kasri ya Mwinyi Fuad", riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa mwaka 1978, ihusuyo shamba la karafuu Unguja katika siku za kabla na baada ya Mapinduzi ya 1964. Darasa jingine akasoma habari za mimea. Akashinda mitihani yote miwili, asijue kuwa karafuu huchumwa ingali tumba, wala kwamba tawi livunjwalo msimu huu halitazaa msimu ujao.

Rai yetu ni hii: mwalimu wa fasihi na mwalimu wa mimea wafuatane, wawalete wanafunzi mashambani wakati wa kuchuma. Wasome sura moja chini ya mkarafuu, kisha wamtazame mchumaji apandavyo. Ndipo watakapofahamu jasho alilolieleza mwandishi. Jioni wakae na wazee wakati wa kuchambua, waandike maneno na hadithi wanazozisikia. Wakisikia hadithi ya popo, mwalimu wa mimea awaeleze kuwa popo wa Pemba hapatikani penginepo duniani, kwamba hueneza mbegu za miti ya msituni, na kwamba alikaribia kutoweka katika miaka ya 1980 kabla ya watu kuanza kumlinda.

Watakuwapo watakaosema shairi halikaushi karafuu. Ni kweli. Lakini kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, watu walipanda tena, kwani walikuwapo waujuao mti na kuuthamini. Leo vijana wetu wengi wanalihama shamba. Mtu hawezi kukithamini kitu asichokijua wala kukisikia kikisemwa kwa maneno mazuri.

Basi twawaomba wanachama wenye nafasi watoe shamba kwa siku moja ya msimu, na uongozi wa chama ukiandikie chuo barua ya mwaliko. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni haji asikoitwa.