Kuni au makala? Moto wa kukausha samaki

Juma hili tunazungumza juu ya moto. Katika vikundi vyetu swali moja linarudi kila mara: kwa kukausha samaki kwa moshi, kuni ni bora au makala? Wamama wa Walikale, wenye mto Lowa, mto Oso na pori karibu, wanasema kuni. Wamama wengi wa Masisi, ambako milima imebaki malisho ya ng'ombe na mikalitusi, wanasema makala, kwa sababu kuni nzuri zinatafutwa mbali. Pande zote mbili zinasema kweli, lakini kila upande unasema nusu. Makala yanatoa joto, kuni zinatoa moshi. Anayejua tofauti hiyo anatumia kuni chache, anakohoa kidogo, na samaki wake haozi njiani.

Kazi ya moto

Katika kilo moja ya samaki mbichi, maji ni karibu gramu 700 mpaka 800. Ni maji hayo yanayomfanya aoze upesi. Moto una kazi tatu. Unaivisha nyama, unatoa maji, na moshi wake unaacha juu ya ngozi vitu vinavyopunguza vijidudu na kuleta ladha na rangi. Kazi mbili za kwanza ni za joto. Ya tatu tu ndiyo ya moshi.

Kwa hiyo rangi isitudanganye. Samaki mweusi kama sufuria anaweza kuwa mbichi ndani. Anaoza katika gunia kabla ya kufika Sake au Goma, na mama anapoteza samaki, kuni na nauli siku moja. Mvunje mmoja, yule mnene kuliko wote. Kama nyama karibu na mfupa bado inang'aa au ina damu, kazi haijaisha.

Kuni: zikauke, zipasuliwe

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Tukiutia motoni, joto linaisha kwa kuchemsha maji hayo. Moto unakuwa dhaifu, moshi unakuwa mzito na mweupe, na samaki anapakwa lami yenye uchungu. Moshi mzuri ni mwembamba, karibu hauonekani, wenye rangi ya samawati kidogo. Macho yakikuwasha mpaka unakimbia, ujue hata samaki hapendi moshi huo.

Tupasue kuni ziwe nene kama kifundo cha mkono, tuzipange chini ya paa, juu ya mawe ili zisiguse udongo, na tuziache miezi kadhaa. Tutie motoni moja au mbili kwa mara, si mzigo mzima. Nyingine zikae karibu na moto zipate joto kwanza.

Si kila mti unafaa. Misonobari na misipresi ina utomvu unaoleta masizi. Majani ya mkalitusi yana mafuta yanayoharibu ladha. Mti wa mpera, mwembe au mwavoka ni mzuri. Magunzi makavu ya mahindi yanatoa moshi mzuri bila kukata mti wowote. Mbao zenye rangi, plastiki na vipande vya mpira wa gari visiingie kabisa. Sumu yake inaingia katika chakula cha watoto.

Makala: joto lisilo na kelele

Makala yanawaka sawasawa kwa muda mrefu, bila ndimi za moto. Tunayaongoza kwa hewa. Ukifungua mlango wa jiko joto linapanda, ukiufunga linashuka. Tungoje mpaka yafunikwe na majivu ya kijivu ndipo tuweke samaki. Majivu yakizidi, tuyakung'ute, maana yanazuia hewa.

Lakini makala yana bei mbili: ile ya sokoni na ile ya msitu. Katika tanuru ya udongo, kupata kilo moja ya makala inakula kilo 5 mpaka 10 za miti. Na kilo hiyo moja inatoa joto la karibu kilo 2 tu za kuni kavu. Ni kwa sababu hiyo mama wa Walikale mwenye kuni kavu mlangoni hana faida ya kuzigeuza zote kuwa makala. Mama wa Masisi anayenunua kwa gunia naye asiyamalize kwa kazi ambayo gunzi la mahindi linaweza kufanya. Tangu 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF umesaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti inayokua haraka kwa ajili ya makala, ili pori la Virunga lipone. Kikundi chenye kipande cha shamba kinaweza kupanda pia, hata mstari mmoja kwenye mpaka.

Moto ukae kando

Wamama wa Afrika Magharibi wametutangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Ghana, katika kijiji cha wavuvi cha Chorkor karibu na Accra, lilitengenezwa jiko lenye trei zinazopangwa moja juu ya nyingine, ili moto mmoja ukaushe samaki wengi. Mwaka 2008, FAO na chuo cha uvuvi cha Thiaroye huko Senegal waliliendeleza jiko hilo. Makala yanaivisha samaki kwanza, sahani inakinga mafuta yanayodondoka, kisha moshi unatengenezwa kando na kuletwa kwa samaki. Sababu ni ya afya. Mafuta yakidondoka juu ya moto yanatoa moshi wenye vitu vinavyoweza kuleta kansa, na vinarudi juu ya samaki.

Sisi hatuna jiko hilo, lakini wazo lake tunaweza kulifuata kwa jembe na pipa. Tuchague mahali penye mteremko. Tuchimbe mfereji wa karibu metre moja au zaidi, tuufunike kwa mawe, bati kuukuu na udongo. Chini, moto mdogo wa kuni au magunzi. Juu, pipa lisilo na kitako lenye kichanja ndani. Moshi unapanda polepole na ndimi za moto hazimfikii samaki.

Kazi inakwenda hivi. Tutoe matumbo, tuoshe, tutie chumvi, tuwatundike mahali penye upepo mpaka ngozi ikauke. Tuanze na joto dogo. Moto mkali mwanzoni unafunga ngozi na maji yanabaki ndani. Kisha tuweke makala yaliyowaka chini ya kichanja, na bati la kukinga mafuta juu yake, mpaka nyama iive. Mwisho tutoe makala, tuache moshi wa kando ukaushe polepole huku tukigeuza. Samaki wapoe kabisa kabla ya kuingia katika kikapu. Tusiwafunge katika plastiki wakiwa na joto.

Moto usituue

Mara moja tuseme jambo hili kwa nguvu, hasa kwa wamama wa Masisi kwenye baridi. Makala hayaoneshi moshi, lakini yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mbabula isilale ndani ya nyumba iliyofungwa wala ndani ya hema, hata kama watoto wanatetemeka. Kichwa kikiuma na usingizi ukija ghafla, wote watoke nje, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Moshi wa kuni nao unaua, polepole. OMS inahesabu kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majikoni iliondoa watu karibu milioni 3.2 duniani. Mtoto mgongoni anavuta moshi ule ule wa mama yake. Tumwache upande upepo unakotoka.

Tena kuna njia ya porini. Sisi walimu tunaona darasani: siku ya kutafuta kuni, viti vya wasichana vinabaki wazi. Na sote tunajua yanayoweza kuwapata mama na binti wakiwa peke yao mbali na kijiji. Kila mzigo wa kuni tusiouhitaji ni safari moja ambayo binti yetu hataifanya. Pale inapobaki lazima kwenda, twende kwa kikundi, mchana, na tusimtume mtoto peke yake.

Kazi ya kikundi juma hili

Mkikutana, chukueni samaki wa uzito mmoja, muwagawe sehemu mbili. Sehemu moja mkaushe kama kawaida, juu ya moto wa kuni. Nyingine kwa mfereji, makala kidogo na magunzi. Pimeni kuni na makala mliyotumia, andikeni bei, kisha wekeni samaki katika vikapu viwili na muangalie kila siku nani anaota ukungu kwanza. Atakayejua kuandika aandike, asiyejua ahesabu kwa mawe. Mtuletee hesabu zenu, za Masisi na za Walikale, tuzipange pamoja katika ukurasa huu.