Kalamu Isiyo na Jina

Wapo wasemao kuwa kumfundisha mwanafunzi wa chuo kikuu kujenga hoja na kuiandika ni pambo tu la elimu. Kwao, insha ni daraja la kuvukia mtihani. Mtihani ukiisha kuvukwa, daraja na livunjwe. Msomaji mpendwa, rai hii ni potofu, na hasara yake yaonekana.

Tazama Donholm, mtaa ulio mashariki ya Nairobi, kando ya Barabara ya Outer Ring. Humo, kama katika mitaa mingine ya Eastlands, wamo vijana wengi waliohitimu vyuo vikuu lakini hawana kazi. Kenya imepata sifa duniani kwa kazi moja ya siri: wasomi wake hukesha mbele ya kompyuta wakiwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Mwandishi hupata ujira. Mnunuzi hupata shahada. Huu si uvumi. Mwaka 2022 sheria ilitungwa kuharamisha uuzaji wa insha hizo katika England, na mwaka 2024 filamu iitwayo The Shadow Scholars ilionyesha maisha ya waandishi hao wa Kenya.

Simtetei mnunuzi wala siisifu biashara. Lakini kalamu iwezayo kumpatia mgeni shahada si kalamu butu. Kilichopungua kwa vijana wetu si akili. Ni mafunzo ya kujua kalamu yao yafaa kumtumikia nani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 119, yampa kila mtu haki ya kupeleka maombi Bungeni. Kifungu cha 118 chalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Haki hizi zahitaji maandishi. Mtaa ukikosa maji, au mtaro wa maji machafu ukifurika milangoni, kelele za wakazi huchukuliwa na upepo. Bali andiko lenye dai, ushahidi na jibu la pingamizi ni vigumu kulipuuza. Mtaa usio na mtu wa kuliandika ni kama mshtakiwa asiye na wakili.

Watasema wengine: chuo si uwanja wa siasa; mwalimu na afundishe kanuni za uandishi, basi. Kanuni ni lazima, lakini kanuni bila kusudi ni ala bila kisu. Wala kufundisha hoja si kufundisha ghasia. Ajifunzaye hoja hujifunza kupima ushahidi, kumsikiliza mpinzani wake, na kuliacha neno asiloweza kulithibitisha. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kudanganywa na kiongozi, na ni vigumu vilevile kumdhulumu jirani.

Tena haki na ianzie darasani. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo chakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi kwa nini hoja ifundishwe kwa lugha moja tu, hata mwenye fikira nzito akahesabiwa mjinga kwa sababu ya ulimi mzito?

Msomaji kijana, kesho utaingia chuoni. Dai kufundishwa hoja, na uifanyie mazoezi kwa mambo ya mtaa wako. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Anayeandika kwa jina la mwingine hulipwa mara moja akasahauliwa. Anayewaandikia watu wake kwa haki huacha mtaa ulio bora kuliko alioukuta.