Kabla ya Kusema ni Uzee, Pimeni Damu

Kila wiki kuna klipu inazunguka WhatsApp: "Dawa ya kansa imepatikana!" Nyingi ni uongo. Lakini kuna kansa moja ambayo tiba yake kweli imepiga hatua, na sisi huku Kakamega tunaikosa kwa sababu ya kizembe kabisa.

Inaitwa mailoma. Inaanza kwenye uboho, ule tunaoufyonza kwenye mifupa ya supu. Seli zinazotengeneza kingamwili zinaharibika na kuzaana ovyo. Mifupa inaliwa, damu inapungua, figo zinachoka. Mgonjwa anasikia nini? Mgongo na mbavu kuuma, na uchovu usioisha. Sasa niambie, kukhu akilalamika hivyo nani atawaza kansa? Tunasema ni uzee, ni jembe.

Mimi si daktari, hata chuo niliacha. Lakini kusoma sikuacha. Thalidomaidi, dawa iliyoondolewa sokoni 1961 baada ya kusababisha watoto kuzaliwa na ulemavu, ilirudi 1999 watafiti wa Arkansas, Marekani, walipoonyesha inasaidia wagonjwa wa mailoma. Zikafuata botezomibu na lenalidomaidi. Mwaka 2021 Marekani ikaidhinisha tiba ya kwanza ya CAR-T kwa mailoma: unatolewa seli zako za kinga, zinafunzwa maabara kuwinda kansa, kisha unarudishiwa.

Bei sasa. Carvykti, mojawapo ya hizo CAR-T, iliingia soko la Marekani 2022 kwa dola 465,000. Hiyo ni kama shilingi milioni 60. SHA ilipoanza Oktoba 2024, kikomo cha kansa kilikuwa shilingi 550,000 kwa familia nzima kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe.

Lakini kilio changu hakiko hapo. Tangu 2019 thalidomaidi, lenalidomaidi na botezomibu ziko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Hapo Eldoret, MTRH na AMPATH wanatibu mailoma na kuifanyia utafiti. Shida ni kwamba watu wetu wanafika huko wakiwa wamechelewa.

Mzee mmoja wa kijijini kwetu alidungwa sindano za maumivu karibu mwaka mzima kwenye kliniki ya mtaani. Hakuna aliyempima damu. Alipofika Eldoret figo zilikuwa zimekwisha. Na mjue hili: dawa za maumivu kama diklofenaki zinaweza kuharibu zaidi figo za mtu mwenye mailoma. Yaani alikuwa analipia madhara.

Na msiseme hii ni kansa ya wazungu. Huko Marekani, watu weusi wanaipata karibu mara mbili ya weupe.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kaunti ihakikishe kila mzee mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha anapimwa wingi wa damu, figo, kalsiamu na protini, na anapigwa eksirei, kabla ya kupewa sindano ya tatu. Na wewe unayempeleka kukhu au kuka hospitali, usikae benchi ukiskroli simu. Ingia naye kwa daktari, uliza: "Damu yake mmepima?" CAR-T itakuja siku yake. Hilo swali ni la bure, na unaweza kuliuliza kesho asubuhi.