Upangaji wa Nyumba Uanze na Kinachodhuru

Ushauri mwingi wa kupanga nyumba umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye nafasi. Mwandishi wa Kijapani Marie Kondo, ambaye vitabu vyake vimesomwa duniani kote, anaelekeza kwamba kazi hiyo ianze na nguo: zote zitolewe, zirundikwe pamoja, na kibaki kile tu kinachomfurahisha mwenyewe. Mahali ambapo nyumba imejaa vitu visivyotumika, agizo hilo lina mantiki. Kariakoo hali ni tofauti. Katika chumba cha familia ya mfanyabiashara mdogo, karibu kila kitu kinatumika, na kingine ndicho mtaji wenyewe. Katoni za viatu zilizo uvunguni hazisubiri kutupwa, bali zinasubiri kupelekwa Mtaa wa Kongo asubuhi. Kumwambia mama wa nyumba hiyo apunguze vitu ni kumwambia apunguze chakula cha wiki ijayo.

Makazi yenyewe yana historia yake. Jina Kariakoo limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, iliyokuwapo hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mitaa iliyonyooka ilijengwa nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na nyuma uani palipo na jiko, choo na mahali pa kufulia. Vyumba vikapangishwa kimoja kimoja, kila kimoja kwa familia yake. Nyumba nyingi za aina hiyo zimebomolewa na maghorofa yamesimama mahali pake, lakini desturi ya familia nzima kuishi katika chumba kimoja au viwili haikubomolewa pamoja nazo. Chumba hicho ni cha kulala, cha kulia, cha kusomea na ghala kwa wakati mmoja.

Katika mazingira hayo, swali la kwanza la anayetaka kupanga nyumba yake lisiwe ni kipi kinachochukiza macho. Liwe ni kipi kinachoweza kumdhuru mtu wa humu ndani. Nguo zilizorundikana kitini zitasubiri mwezi mzima bila madhara. Vidonge vya presha vya bibi vilivyoachwa juu ya godoro havipaswi kusubiri hata usiku mmoja.

Dawa ndizo zinazostahili siku ya kwanza ya kazi hiyo. Agizo linaloandikwa kwenye pakiti linajulikana na kila mtu: ziwekwe mbali na watoto, mahali pakavu pasipo na joto. Wapi basi? Dirishani kuna jua, jikoni kuna mvuke, juu ya kabati karibu na bati pana joto kuliko mahali pengine pote chumbani, na chini kuna mtoto anayetambaa. Panapobaki ni ukutani, upande usiopigwa na jua, kwa kimo kinachofikiwa na mtu mzima aliyesimama. Kikapu au kisanduku chenye kifuniko kikitundikwa hapo kwenye msumari imara kinatosha kuwa kabati la dawa, na gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya kumkimbiza mtoto Muhimbili.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wapangaji wa nyumba hawalizungumzii, na wauguzi wanalijua vizuri: siri. Mtu anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU, au za kifua kikuu, na analala chumba kimoja na shemeji na wapwa, mara nyingi huzitoa kwenye kopo lake na kuzifunga katika karatasi ili zisitambuliwe wala kopo lisilie linapotikiswa. Hapo dawa hupoteza jina, tarehe ya mwisho wa matumizi na kinga yake dhidi ya unyevu. Pamba kidogo safi ndani ya kopo huondoa mlio bila kuitoa dawa mahali pake, na kisanduku kidogo chenye kufuli hutunza siri vizuri kuliko karatasi. Upangaji unaomlazimisha mgonjwa aweke dawa zake hadharani utamfanya azifiche mahali pabaya zaidi, au aache kuzimeza.

Insulini nayo ina shida ya pekee, kwa kuwa si kila familia ina jokofu, na la jirani hufungwa jirani anaposafiri. Pwani haijapungukiwa na jibu. Mtungi wa udongo ulionyunyiziwa maji, ukawekwa kivulini panapopita hewa, hupooza kilichomo ndani yake kwa sababu maji yanayokauka huondoka na joto. Tafiti za nchi zenye joto zimeonyesha kwamba mitungi hiyo hupunguza joto kwa kiasi chenye manufaa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliotokana na kambi ya wakimbizi ya Dagahaley nchini Kenya, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 za Selsiasi haikupoteza nguvu. Hilo halimruhusu mgonjwa kubadili utaratibu kwa uamuzi wake mwenyewe, ila linampa muuguzi jambo la kushauri mbali na kusema tu “weka kwenye friji” kwa mtu asiye na friji.

Mafuta ya taa, jiki na kostiki ya kutengenezea sabuni hazihitaji maneno mengi. Zisikae katika chupa ya soda au ya maji hata kwa saa moja, kwa sababu mtoto mwenye kiu hutambua umbo la chupa kabla ya harufu ya kilichomo. Aliyekunywa asitapishwe, kwa kuwa kinachorudi huweza kuingia mapafuni au kuunguza koo mara ya pili. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Maji yanataka subira zaidi, kwa sababu hapo chumba kimoja hakijitoshelezi. Mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia katika mgawo, ndoo, madumu na mapipa viliongezeka katika kila uani. Mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengi iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupenda maji hayo hayo safi ya nyumbani, huuma mchana wakati chandarua kimekunjwa, na hugandisha mayai yake kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Ukuta wa pipa usuguliwe kwa brashi na pipa lifunikwe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi ya taifa, ni desturi njema, lakini yai huweza kuwa mbu mkubwa kwa muda wa wiki moja hivi, kwa hiyo usuguaji wa kila mwezi humwachia mbu nafasi ya kukomaa. Tena, mpangaji mmoja akisugua na watano wasisugue, amejichosha bure. Ratiba ya uani ikubaliwe na wapangaji wote pamoja na mwenye nyumba, na wanaume wasihesabiwe kuwa wageni katika ratiba hiyo.

Watapinga wengine kwamba haya yote ni kumtwika mpangaji maskini mzigo wa mwenye nyumba na wa serikali. Pingamizi hilo ni la haki kwa sehemu. Hakuna mpangilio utakaozaa dirisha ambalo mjenzi hakuliweka, wala bomba litakalotoa maji kwa kuwa ndoo zimepangwa vizuri. Lakini dirisha lililopo limezibwa mara nyingi na kabati au marobota, na kulisogeza kabati ili hewa ipite katika chumba chenye mgonjwa wa kifua kikuu ni kazi ya dakika kumi. Vivyo hivyo jiko la mkaa linaloingizwa ndani mvua inaponyesha: hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Lawama iliyobaki iwaendee wahudumu wa afya. Mgonjwa anapopewa dawa za miezi mitatu dirishani, mara chache huulizwa anaishi chumba cha namna gani. “Mama, nyumbani mnalala wangapi chumbani? Dawa hizi utaziweka wapi?” Maswali hayo mawili hayachukui dakika tatu. Yakiandikwa kwenye kadi ya kliniki pamoja na majibu yake, muuguzi wa zamu inayofuata ataanza pale mwenzake alipoishia, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii atakayepita mtaani atajua ni kona ipi ya chumba aombe kuonyeshwa.