Ada ya kizibo: Chupa ya mteja mgahawani na soko la zabibu za Dodoma

MTEJA anaingia mgahawani jioni na mwenzake, mkononi ana mfuko wenye chupa ya mvinyo mwekundu aliyoinunua dukani mchana. Wanaagiza chakula, mhudumu anawaletea glasi mbili na kuwafungulia chupa. Mwisho wa mlo, bili ina mstari mmoja wa ziada: ada ya kufunguliwa chupa ambayo mgahawa haukuiuza.

Wafaransa huiita haki ya kizibo. Hapa nchini ada ya namna hiyo inafahamika zaidi kwenye kumbi za harusi, ambako mwenye sherehe anayekuja na kreti zake hutozwa ili ziruhusiwe kupita mlangoni. Wengi hudhani ni mambo ya wenye nazo wa mijini. Hata hivyo, namna ada hiyo inavyopangwa inamgusa mkulima wa zabibu wa Dodoma kuliko inavyomgusa mlaji mwenye fedha, na mara nyingi inamgusa vibaya.

Utaratibu wa mteja kuja na chupa yake umekomaa zaidi Australia na New Zealand. Katika jimbo la Victoria, Australia, sheria za vileo zilikuwa kali kiasi kwamba hadi mwaka 1966 baa zilifungwa saa 12 jioni. Leseni ya kuuza vileo mgahawani ilikuwa ghali na ngumu kuipata. Wahamiaji kutoka Italia na Ugiriki waliofungua migahawa midogo mjini Melbourne hawakuwa na mtaji huo, lakini wateja wao walitaka mvinyo na chakula. Jibu likawa mteja aje na chupa yake, na sheria ikaja kuutambua utaratibu huo. New Zealand ilifuata mwaka 1976 kwa kuanzisha leseni maalumu ya migahawa ambayo haiuzi kileo bali inaruhusu mteja alete chake. Hadi leo migahawa mingi ya huko inapokea mvinyo tu. Bia na pombe kali haziingii.

Marekani nako kuna mfano wa kufundisha. Jimbo la New Jersey limeweka kikomo cha leseni za baa na migahawa kwa kuangalia idadi ya watu, leseni moja kwa kila wakazi 3,000, na matokeo yake leseni huuzwa kwa mkono wa pili kwa mamia ya maelfu ya dola katika baadhi ya miji. Mwenye mgahawa mdogo hawezi. Kwa hiyo huwaruhusu wateja waje na mvinyo au bia yao, na kwa kuwa hana leseni, haruhusiwi kuwatoza ada ya kuifungua. Yeye faida yake inabaki kwenye chakula.

Mifano yote hii ina asili moja: mfanyabiashara mdogo aliyeshindwa gharama ya leseni na ya kuweka akiba ya vinywaji. Hilo linafaa kukumbukwa, kwa sababu siku hizi ada ya kizibo huzungumzwa kana kwamba ni adhabu kwa mteja mbahili.

Hesabu ya mezani

Kwa nini mgahawa unatoza ada kwa kitu ambacho haukukiuza? Sababu ya kwanza ni gharama halisi: glasi zinazooshwa na nyingine kuvunjika, mhudumu, barafu, na kiti kinachokaliwa kwa saa mbili. Sababu ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni faida iliyopotea. Migahawa mingi duniani huuza mvinyo kwa mara mbili hadi tatu ya bei ya jumla, na faida hiyo ndiyo inayofidia sahani ya chakula ambayo bei yake haiwezi kupandishwa bila wateja kukimbia.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Mgahawa una chupa mbili kwenye orodha yake. Moja ni ya Dodoma: bei ya jumla Sh 10,000, dukani Sh 12,000, mezani Sh 30,000. Nyingine imetoka nje: bei ya jumla Sh 50,000, dukani Sh 60,000, mezani Sh 140,000. Ada ya kizibo ni Sh 15,000 kwa chupa yoyote.

Anayekuja na chupa ya Dodoma atatumia Sh 27,000 kwa jumla, na ataokoa Sh 3,000 tu. Anayekuja na ile ya nje atatumia Sh 75,000 na kuokoa Sh 65,000. Kwa lugha nyingine, ada hiyo hiyo ni asilimia 125 ya bei ya dukani ya chupa ya Dodoma, lakini ni asilimia 25 tu ya chupa ya kigeni. Mtu mwenye akili ya biashara hatahangaika kubeba chupa ya Dodoma kwa ajili ya Sh 3,000. Atabeba ya kigeni.

Mwenye mgahawa naye anapunjika bila kujua. Mteja angenunua chupa ya Dodoma ya mgahawani, faida ghafi ingekuwa Sh 20,000. Kwa kupokea ada ya Sh 15,000 amepoteza Sh 5,000. Angenunua ile ya nje, faida ingekuwa Sh 90,000. Kwa ada ile ile amepoteza Sh 75,000. Ada ya kiwango kimoja inamlinda pale ambapo hasara ni ndogo na kumwacha wazi pale ambapo hasara ni kubwa.

Kuna mteja wa tatu ambaye hesabu hizi humsahau. Ni yule ambaye asingenunua mvinyo wowote kwa bei ya mezani. Huyu angekunywa soda, au angebaki nyumbani. Akija na chupa yake na kulipa ada, mgahawa haujapoteza mauzo yoyote. Umepata ada pamoja na faida ya chakula cha watu wawili. Wenye migahawa wanaokataa chupa za wateja moja kwa moja humfukuza huyu pamoja na wale wawili wa kwanza. (Msomaji asiyegusa kileo aweke keki ya siku ya kuzaliwa mahali pa mvinyo, hesabu ni ile ile.)

Zabibu zinaingiaje hapa

Kilimo cha zabibu mkoani Dodoma kilianzishwa na wamisionari wa Kikatoliki katikati ya karne iliyopita, na kimebaki kuwa zao la fedha la wakulima wadogo wa huko. Hali ya hewa inawapa kitu ambacho mkulima wa Ufaransa au Afrika Kusini hana: mavuno mawili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Ni baraka yenye mtego wake. Mara mbili kwa mwaka mkulima anakuwa na tunda ambalo haliwezi kungoja. Viwanda vikichelewa kununua, zabibu zinaozea shambani au zinauzwa kwa bei anayoitaka mnunuzi. Ndiyo maana wakulima wamekuwa wakikamua na kuuza mchuzi wa zabibu, ambao unahifadhika kwenye matangi, badala ya kusubiri lori la kiwanda.

Serikali imejaribu kusaidia kwa njia ya kodi. Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2017/18, ushuru wa bidhaa kwa mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani zinazozidi asilimia 75 uliwekwa Sh 200 kwa lita, wakati mvinyo wenye zaidi ya asilimia 25 ya zabibu za nje ulitozwa Sh 2,349 kwa lita. Kwa chupa ya kawaida ya mililita 750, tofauti hiyo ni kama Sh 1,600. Viwango hubadilika kwa bajeti, lakini nia imekuwa hiyo: chupa ya zabibu za nyumbani iwe nafuu.

Sasa linganisha Sh 1,600 na ada ya kizibo ya Sh 15,000. Nafuu ambayo hazina imeitoa kiwandani inamezwa karibu mara kumi pale mezani, na anayeimeza wala hakukusudia kumdhuru mkulima. Aliweka tu bei moja kwa kila chupa kwa sababu ni rahisi kuiandika ukutani.

Dawa ipo na inatumika kwingine. Katika baadhi ya maeneo ya mashamba ya mizabibu huko California, wapo wenye migahawa wanaosamehe ada kwa chupa iliyotengenezwa katika eneo lao, na kutoza kamili kwa nyingine. Desturi nyingine iliyoenea nchi nyingi ni kwamba mteja haleti chupa ambayo tayari imo kwenye orodha ya mgahawa.

Ukiunganisha mambo hayo mawili unapata kanuni inayofaa Dodoma, Dar es Salaam au Arusha. Mgahawa unaouza mvinyo wa Dodoma hauna sababu ya kushusha ada kwa chupa ile ile. Mkulima hapotezi kitu, kwani chupa inayonywewa ni ya zabibu zake kwa vyovyote. Ila pale ambapo orodha haina chupa hata moja ya nyumbani, ada kwa chupa hiyo ishuke hadi kwenye gharama halisi ya huduma, tuseme Sh 4,000 au 5,000. Mgahawa hauuzi bidhaa hiyo, kwa hiyo faida ya kufidiwa ni ndogo. Chupa ya kigeni ya bei kubwa nayo ilipe zaidi ya Sh 15,000.

Wapo watakaosema mhudumu hawezi kujua chupa ipi ni ipi. Lebo inaonyesha mahali ilipotengenezwa, na tangu mwaka 2019 mvinyo ni miongoni mwa bidhaa zinazobandikwa stempu za kodi za kielektroniki. Hapa wakulima na vikundi vinavyokamua vyenyewe wana kazi ya kufanya. Mvinyo uliomo kwenye dumu au kwenye chupa iliyotumika isiyo na lebo hautapokewa na mgahawa wowote makini, na ni haki usipokewe: mteja akiumwa tumbo usiku, lawama itaangukia jikoni. Kwa mkulima, tatizo la vifungashio na usajili linakuja kabla ya tatizo la ada. Chupa nzuri, kizibo na lebo vinagharimu fedha, na kikundi kidogo hakivimudu kwa urahisi bila kununua kwa pamoja.

Ni lazima pia kukiri kwamba chakula cha jioni cha watu wawili hakitamaliza zabibu za Dodoma. Chupa moja inahitaji takriban kilo moja na robo ya zabibu. Tani moja ya mkulima, kwa hiyo, ni kama chupa 800. Kwa chupa moja moja mgahawani, hizo ni jioni nyingi mno.

Kwenye kumbi za sherehe hesabu inabadilika. Harusi yenye meza 20, kila meza chupa mbili, inatumia chupa 40, sawa na kilo 50 za zabibu kwa usiku mmoja. Harusi 20 za namna hiyo zinamaliza tani nzima. Huko ndiko ada ya kizibo inakotumika zaidi nchini, na huko ndiko kamati za harusi zinakokutana na msimamo wa mwenye ukumbi: nunua vinywaji kwangu au lipia unavyoleta. Kamati ikijumlisha ada ya kila chupa juu ya bei ya mvinyo, huona afadhali iongeze kreti za bia na soda, kwa kuwa hizo ndizo ukumbi umejipanga kuziuza. Mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo anayetaka soko hana haja ya kungoja sera. Anaweza kwenda kwa wenye kumbi watatu au wanne wa mji wake na kupatana nao: wao wasamehe ada kwa chupa zake, yeye awape kamisheni kwa kila kreti itakayofunguliwa.

Mwenye mgahawa mdogo anayevutiwa na mfano wa Melbourne aanzie kwenye ofisi ya biashara ya halmashauri yake. Asidhani kwamba kwa kuwa hauzi kileo basi sheria ya vileo haimhusu; aulize masharti ya mteja kunywea alicholeta katika jengo lake, na apate jibu kwa maandishi. Baada ya hapo aandike ada yake kwenye menyu, si kwenye bili peke yake. Ugomvi mwingi wa ada hii hutokea kwa sababu mteja ameijua wakati ameshakunywa.

Na kamati ya harusi isome mkataba wa ukumbi kabla ya kulipa malipo ya awali, hasa mahali panapotaja vinywaji: kama ada ni kwa chupa, kwa kreti au kwa jumla, na kama mvinyo umetajwa peke yake au umewekwa kundi moja na pombe kali.